Mnazi Uliokufa Ungali Kijani

Leo tunataka kuzungumza juu ya mti. Wewe uliye mbali na pwani, usiseme kwamba neno hili halikuhusu. Huenda nyumbani kwako pia kuna kitu ulichokipanda, ukakipenda, na sasa kimeanza kukauka mbele ya macho yako.

Kwetu pwani mnazi si pambo la kiwanja tu. Makuti yake huezeka nyumba. Kumbi zake husokotwa kamba. Vifuu huwa kuni. Nazi hukunwa ikatiwa katika wali na mboga, na dafu hupewa mgonjwa na mgeni. Hata katika vijiji vingi shamba huweza kuwa la mtu mmoja, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mtu mwingine, akairithi kutoka kwa baba yake. Kwa hiyo mnazi ukifa, kinachoondoka si kivuli tu. Ni urithi.

Katika kiwanja cha kanisa letu, kusini mwa Mombasa, palikuwa na mnazi mmoja uliopandwa mwaka 1968, kabla jengo halijasimama. Chini yake watoto walifundishwa shule ya Jumapili. Chini yake wazee walipatanisha ndugu waliogombana. Mgeni hakuondoka kwetu bila kunywa dafu la mnazi huo. Mwaka 2024 tulilazimika kuuangusha kwa mikono yetu wenyewe.

Uliuawa na nini? Haukuuawa na jambo moja. Kwanza lilikuja jua. Mtakumbuka kwamba tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi za nchi yetu. Mnazi huvumilia, lakini hausahau. Tangu karara lipasuke na ua litokeze, hadi nazi ikomae, ni karibu miezi 12. Na ua lenyewe huwa limekwisha kuanza kuumbika ndani ya mti zaidi ya miaka miwili kabla ya hapo. Ndiyo maana mvua iliporudi, mnazi wetu uliendelea kutoa nazi chache na ndogo, na vidaka vingi vikapukutika. Watu waliuliza, "Mbona mvua imenyesha, na mti bado ni mgonjwa?" Ulikuwa ukilipa deni la miaka iliyopita.

Kisha alikuja chonga, yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, anayetoboa kilele cha mnazi usiku. Makuti yalianza kukunjuka yakiwa yamekatwakatwa kama kwa mkasi. Mkwezi alipanda na waya wenye ndoano, akawatoa chonga mmoja mmoja, akatia mchanga katika maungio ya makuti ili kuwazuia wengine. Ilikuwa kazi njema, lakini matundu yalikuwa yamekwisha kutobolewa.

Mwishowe, Novemba 2023, mvua kubwa ikamwagika pwani mpaka njia zikawa mito. Maji na unyevu vikaingia katika majeraha yale, na pamoja navyo ugonjwa wa kuoza moyo, uletwao na kijidudu kinachofanana na ukungu, kisichoonekana kwa macho. Jua lilikuwa limeudhoofisha mti, mdudu akafungua mlango, na mvua tuliyoiombea kwa machozi ikaingia na maradhi.

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Mnazi hauna matawi kama mwembe. Una mahali pamoja tu pa kuotea, juu kabisa katikati, mahali ambapo wazee huita kichilema. Ule ndio moyo wake. Ukioza moyo, mti hauwezi kuchipua mahali pengine. Lakini makuti ya zamani hayaanguki siku hiyo. Hubaki kijani kwa miezi, na nazi zilizokwisha kushika huendelea kukomaa. Mpita njia hutazama juu akasema, "Mnazi huu ni mzima." Kumbe umekwisha kufa.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mkwezi alishika kuti changa la katikati, lile linalosimama kama mkuki, likatoka mkononi mwake bila nguvu, na chini yake palikuwa na uozo wenye harufu mbaya. Mtaalamu wa kilimo alikuja akatueleza kwamba ugonjwa huu ukigunduliwa mapema, sehemu iliyooza huweza kukatwa na dawa ya shaba ikatiwa, lakini kwa mti wetu wakati huo ulikuwa umepita. Alisema tuukate.

Wapendwa, tulikaa majuma matatu tukizungumza. Wengine wetu walisema, "Tuuache mpaka uanguke wenyewe. Bado una nazi. Tunawezaje kumkata aliyetulea?" Si maneno ya kuchekwa hayo. Aliyeketi chini ya mti miaka 50 ana haki ya kulia.

Ng'ambo ya ua wetu anakaa jirani, mama mjane, Mwislamu, mwenye minazi 12. Kwa minazi hiyo huwasomesha wajukuu wake. Alikuja jioni moja akasimama mlangoni, akasema kwa upole, "Wazee wangu, mti ni wenu, na mimi najua mlivyoupenda. Lakini chonga huzaa ndani ya mti uliokufa. Wakitoka kwenu, watakuja kwangu." Hakusema zaidi.

Naye alisema kweli. Chonga hutaga mayai katika magogo ya minazi yanayooza, hata yakiwa bado yamesimama, na funza wake hulelewa humo. Mnazi mfu tunaouhurumia ndio utakaoua minazi hai ya jirani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena ukuta wenyewe ulikuwa wa mjane.

Hapo tulikumbuka habari ya nabii Yona, katika sura ya nne ya kitabu chake. Mmea uliompa kivuli uliharibiwa na mdudu, kisha jua na upepo wa joto vikamchoma, naye akakasirika hata akataka kufa. Bwana hakumwambia kwamba mmea si kitu. Alimwuliza ikiwa yeye anauhurumia mmea, je, watu wa mji mkubwa wa Ninawi wasihurumiwe? Yaani huzuni ya Yona haikuwa dhambi, bali ilikuwa fupi; iliishia katika kivuli chake mwenyewe. Mungu alitaka kuinyoosha ifike kwa watu.

Basi tuliukata. Kilele kilichooza tulikichoma moto. Gogo tulilipasua, na vipande tukavichoma ili funza wasipate nyumba. Wazee wawili walilia waziwazi. Tulipomaliza, mama yule alituletea chai na mahamri, tukala pamoja.

Ninyi wenye minazi, chukueni maneno haya machache. Tazameni kuti changa la katikati, msitazame yale ya nje. Msiache magogo yaoze shambani, wala msirundike samadi karibu na minazi, kwa maana huko nako chonga hulelewa. Mkipanda miche, imwagilieni maji wakati wa kiangazi miaka ya kwanza, na kuwekea mashina matandazo ili unyevu usipotee. Hali ya hewa imekuwa ngumu, na mti wenye nguvu ndio unaostahimili mdudu.

Nasi sote tujiulize. Je, kuna jambo katika nyumba yetu, au katika kanisa letu, ambalo bado lina makuti ya kijani lakini moyo wake umeoza? Pengine ni urafiki, pengine ni cheo, pengine ni desturi tunayoishika kwa sababu ilitulea zamani. Tukiendelea kuiacha imesimama, ni nani ng'ambo ya ua atakayeumia?

Mwenye kulia na alie. Lakini akishapangusa machozi, ashike shoka, kisha ashike jembe. Kiwanjani kwetu sasa kuna miche minne. Hatutaketi sisi wazee katika kivuli chake, lakini wajukuu watakaa, wetu na wa jirani.