Kupanga Chumba Chenye Umbo Gumu
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa heshima ya kusema machache baada ya taarifa ya Mtunza Hazina, nasi tumechagua jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, yaani namna ya kupanga chumba cha kukaa na kulia ambacho umbo lake halipokei vyombo kwa urahisi. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo twaomba ruhusa tuufungue mlango wa nyumba yetu wenyewe, ingawa yaliyokuwamo hayatuletei sifa.

Tulipooa tulipanga chumba kimoja mjini, upana wake futi 8 na urefu futi 16, mlango ukiwa katika upande mfupi. Kilifanana na behewa la gari la moshi. Humo ndimo tulimolala, tulimokula na tulimowakaribisha wageni. Kwa kuwa tulitaka kuonekana watu wa maendeleo, tulinunua kochi refu moja na madogo mawili kabla ya kupima chochote. Kochi refu lilikataa kupita mlangoni mpaka seremala alipolikata miguu. Tukayapanga makochi kando ya kuta mbili ndefu, meza katikati, na kitanda mwisho wa chumba, kikiutazama mlango. Vitambaa vya kufuma vilitandazwa kila mahali, nasi tukajiona tumemaliza.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alisafiri kutoka nyumbani kuja kumtazama. Wazee wetu mnajua kwamba kwa desturi ya kwetu, mama haingii mahali kilipo kitanda cha mkwewe. Alifika mlangoni, akainua macho, akakiona kitanda. Hakusema neno. Alirudi nyuma akaketi uani juu ya kigoda cha jirani, akanywa chai yake huko, akampakata mjukuu wake juani, na kabla ya jioni akaomba asindikizwe kituoni. Siku ile tulimlaumu mwenye nyumba kwa kujenga chumba kibaya. Ilitupasa kujilaumu wenyewe.

Twasema hivyo kwa sababu baadaye tulipata safari ya kwenda Lamu, mji wa kale ambao mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Huko tuliingia katika nyumba za mawe za zamani, na tulistaajabu kuona vyumba vilivyo virefu na vyembamba kama chetu. Sababu yake ni boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko haufiki mbali kabla ya kulemewa na uzito wa mawe na chokaa. Basi upana wa chumba hukoma karibu na futi 8 au 9, hata kama mwenye nyumba ni tajiri wa matajiri. Wajenzi wale hawakuweza kukipanua chumba, kwa hiyo walikipanga.

Walifanya nini? Kwanza, mgeni hupokewa katika daka, penye baraza za mawe, na njia ya kuingilia hupinda, hata mtu aliye barabarani asione ndani. Pili, katika vyumba vile virefu viitwavyo misana, vitanda viliwekwa katika ncha na kufichwa kwa mapazia, na katikati pakabaki pa kukaa. Tatu, vyombo vya thamani havikusimama sakafuni, bali viliwekwa katika vidaka, ambavyo wenyeji huviita zidaka, vilivyochimbwa ukutani. Nne, jiko lilipelekwa juu darini, chini ya makuti, ili moshi na joto viende zao. Tuliporudi tulielewa kwamba walianza kwa kuuliza nani ataingia, atakaa wapi, na kipi asikione. Sisi tulikuwa tumeanza kwa kununua makochi.

Basi tulitwaa futikamba na karatasi yenye miraba, mraba mmoja kwa futi moja. Chumba chetu kilikuwa na futi za mraba 128. Kitanda kilikula 24, kochi refu 15, makochi madogo zaidi ya 12, meza 10, na kabati 6. Zaidi ya nusu ya chumba ilikuwa ya vyombo, na watu walibaki wakipishana kwa ubavu. Makochi yakitazamana, futi 5 katika zile 8 za upana zilikwisha, na magoti ya wageni yaligongana kama ya watu wanaomngoja daktari.

Kochi refu tuliliuza. Kitanda tulikilaza kwa upana wa chumba katika ncha ya mbali, tukasimamisha kabati mbele yake, na penye nafasi iliyobaki tukatundika pazia zito kutoka darini hadi sakafuni. Meza tuliisogeza ukutani, na upande wa ukuta tukaweka benchi, kwa maana benchi moja huketisha watoto watatu mahali ambapo viti viwili havitoshi. Sufuria na vitabu vilipanda juu ya rafu. Kuta ndefu tulizipaka chokaa nyeupe, na ule ukuta wa mwisho rangi iliyoiva zaidi, kwa kuwa rangi nzito huuvuta ukuta wa mbali ukaonekana karibu, na chumba kikaacha kufanana na behewa. Jiko la makaa tulilitoa nje kabisa. Wanachama wenzetu, makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Hakuna baridi inayostahili hatari hiyo.

Wako wenzetu wenye vyumba vya maumbo mengine. Chumba kilichopinda kama kiwiko ni rahisi kuliko kinavyoonekana: mkono mfupi uwe wa kulia chakula, mkono mrefu uwe wa kukaa, na pembe ya katikati iachwe wazi, kwani ndiyo njia. Chumba chenye milango miwili au mitatu chataka uanze kwa kuchora njia za miguu kutoka mlango hadi mlango, kisha upange viti katika upande mmoja usiokatwa na njia hizo. Na mlango wa futi mbili na nusu ufungukao kwa ndani huhitaji karibu futi 5 za mraba. Usipange kitu hapo.

Mama mkwe alikuja tena mtoto alipoanza kutambaa. Chumba kilikuwa kile kile, futi 8 kwa 16. Alisimama mlangoni kama mara ya kwanza, akatazama, akavua viatu, akaingia. Alikula chakula cha mchana mezani. Usiku alilala kwa jirani, kwa kuwa pazia haligeuzi desturi. Lakini asubuhi alirudi mwenyewe kunywa chai, bila kuitwa.

Bwana Mwenyekiti, Chama chetu husaidia wanachama katika misiba na karo, na hilo ni jema. Twatoa shauri kwamba kinunue pia futikamba moja ya kuazimwa na kila anayehamia nyumba mpya, na kwamba mwanachama anapooa, zawadi yake iwe kitambaa cha pazia. Gharama yake si kubwa, nayo yaweza kumwepusha mzee mmoja asinywe chai yake uani.