Mkono Ulioshika Mchi: Kumbukumbu katika Uchoraji wa Sam Ntiro



Naanza na kinu. Nilipokuwa mtoto huko Marui, Kisarawe, mama zetu walitwanga kisamvu wawili wawili, kinu kimoja, michi miwili. Mmoja akiinua, mwenzake anashusha. Leo nikifumba macho, sura zao zimefifia, lakini mpokezano wa ile michi nauona waziwazi. Kwa miaka mingi nilidhani kumbukumbu yangu ina kasoro. Aliyenitoa katika dhana hiyo ni mchoraji Sam Joseph Ntiro.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyewasimulia wanafunzi tukio kwa maneno ili walione kwanza akilini, ndipo washike brashi. Kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Alifika mbali na kwao, lakini mkono wake haukuhama mgombani: alichora Wachaga wakiwa kazini, wakibeba, wakilima, wakisaidiana.

Mwaka 1956 alichora kwa rangi ya mafuta picha iitwayo “Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku”. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Jina lake peke yake ni habari kamili: nani, wanabeba nini, wanampelekea nani, wakati gani. Lakini watu wa Ntiro hawana sura za kutambulika. Ukiuliza huyu ni mtoto wa nani, hupati jibu. Ukiuliza wanafanya nini, unajibiwa mara moja.

Kamera hushika usiku mmoja, pamoja na yote yaliyotokea usiku huo kwa bahati. Kumbukumbu huchekecha. Huacha yaliyotokea mara moja, hubakiza yaliyorudiwa. Kwa hiyo naiona picha ya Ntiro kama picha ya kila usiku ambao mbege, ile pombe ya ndizi, ilipelekwa kwa bibi harusi. Ni picha ya desturi, na desturi haina uso wa mtu mmoja.

Wazee wangu wa Uzaramo, jambo hili si geni kwenu. Mwana hiti, kile kinyago kidogo anachopewa mwali akiwa ndani, hana mikono wala miguu, na uso wake umechongwa kwa uchache. Nywele, hata hivyo, zimetengenezwa kwa uangalifu. Mchongaji hakushindwa kuchonga pua. Alijua kwamba mwali hapewi sanamu ya mtoto fulani. Anapewa uzazi wenyewe aulee.

Liko pingamizi, nami nalikubali. Kumbukumbu hupenda kupamba. Katika picha za namna hii, uchovu na ugomvi wa kijijini huweza kupotea, na mtoto aliyeondoka akabaki na kijiji kitamu kuliko kile walichoishi waliobaki. Dawa yake si kuitupa kumbukumbu. Dawa ni kuirudisha mbele ya mashahidi.

Basi, wanafunzi wangu, nendeni Marui. Simu ibaki mfukoni. Kaeni siku kadhaa, shikeni mchi, menyeni mihogo, bebeni maji. Mrudi, mngoje, kisha mchore kilichobaki. Halafu ipelekeni picha hiyo kijijini kabla hamjaitundika kwenye ukuta wowote hapa chuoni. Mama mmoja akiitazama akasema, "Mwanangu, mchi haushikwi hivyo," msimweleze nadharia. Mpeni mchi awaonyeshe, kisha mchore upya.