Kitanda cha Mama Kando ya Njiti

Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto humtoka dakika ile ile anapozaliwa. Utafiti wa nchi 5, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa kumweka kifuani mwa mama mapema, bila kungoja hali yake itengemae, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likahimiza hivyo: ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Kofia kichwani, nepi tu mwilini, khanga imemkaza kifuani. Lakini bado wapo akina mama wanaolazwa wodi ya mbali, wakiitwa kunyonyesha tu. Inauma. Wanaopanga bajeti za wodi hizi waanze na kitanda cha mama.