Tudai jedwali, tudai na maelekezo yake



Mimi ni karani wa takwimu kwenye utafiti wa wagonjwa wa presha. Hatumjaribishii mtu dawa, tunawafuatilia tu, kliniki hadi kliniki. Kila robo mwaka nilikuwa nakopi namba moja moja na kuzipachika kwenye ripoti, usiku. Mara moja nikageuza safu mbili: wanaume wakawa wanawake. Ripoti ikaenda juu hivyo hivyo. Hakuna aliyeshtuka, nikaja kugundua mwenyewe robo iliyofuata.

Siku hizi tunatumia R, programu ya bure kabisa. Unaandika maelekezo mara moja: safisha data, hesabu, panga jedwali, toa ripoti. Data mpya ikiingia, unabonyeza tu. Wananiuliza, "Si utakosa kazi?" Bado nipo, nahangaika kuwatafuta wagonjwa walioacha kuja kliniki. Hao mashine haiwajui.

Lakini kilichonisimamisha hapa ni kingine. Yale maelekezo yanasomeka. Mwenye data akiyaendesha upya, ataona kama namba inatoka ile ile. Mnakumbuka takwimu za korona za taifa zilikomea wagonjwa 509 mwaka 2020, kisha kimya zaidi ya mwaka. Na marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kosa kutangaza takwimu za kupinga zile rasmi, hadi yalipolegezwa 2019. Kompyuta haitatuvunjia ukuta huo. Ila tukidai takwimu, tusiridhike na jedwali tupu, tudai na maelekezo yaliyolizaa.

Jumamosi nitakuwa hapa ofisi ya tawi. Mwenye kompyuta aje nayo, tuanze na jedwali moja.