Tani Iliyokaa Vibaya ni ya Nani?



Gari likinaswa kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese, anayeteremshwa ni dereva. Ndiye anayekabidhiwa karatasi ya mizani, ndiye anayempigia tajiri simu, na mara nyingi ndiye anayekatwa mshahara. Hoja yangu ni kwamba tunachanganya makosa mawili ambayo wahusika wake si wamoja: kuzidisha uzito wa jumla, na kuupanga mzigo vibaya.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaangalia yote mawili. Semi ya ekseli sita inaruhusiwa tani 50: ya usukani tani 8, mbili za nyuma ya kichwa tani 18, tatu za tela tani 24. Jumlisheni, mtapata 50 kamili, hakuna akiba iliyofichwa popote. Kwa hiyo gari lenye tani 48 linaweza kukamatwa, na mwenye mizani akawa sahihi kabisa.

Chukueni shaba inayoshuka kutoka Kongo na Zambia kupitia Tunduma. Ni nzito kwa umbo dogo: tani 28 zake, zingekuwa bonge moja, zisingefika mita nne za ujazo. Juu ya tela la mita 12 mafungu yake yanaacha sakafu kubwa wazi, na anayeamua yakae wapi ni mtu wa foklifti. Tuseme kutoka kingi pini, pale tela linaposhikana na kichwa, hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 8. Shehena yote ikisogea mbele mita moja tu, tani tatu na nusu zinahama kutoka kwenye tela kwenda kwenye kichwa, na nyingi zinaangukia zile ekseli mbili. Zilizokuwa na tani 16 sasa zinakaribia 19 au kuzipita. Hata unafuu wa asilimia 5 unaoruhusiwa kwenye ekseli unaishia tani 18.9. Na hakuna aliyeongeza kilo hata moja.

Mtakumbuka Oktoba 2013, Waziri Magufuli alipoufuta unafuu huo, malori yakasimama, hadi Waziri Mkuu Pinda akaurudisha. Sisi wasafirishaji tuligombea asilimia 5 kwa nguvu zote. Sikumbuki tukimuuliza aliyepakia.

Barabara haijali kosa ni la nani. Jaribio la barabara la AASHO kule Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, lilionyesha kwamba uharibifu hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, lami inaumia kama mara mbili. Serikali ina haki ya kudai, ila idai kwa mhusika.

Kontena lililofungwa lakiri ndilo gumu zaidi. Tangu Julai 2016, kanuni za usalama baharini za SOLAS zinamtaka mwenye shehena athibitishe uzito wa kontena kabla halijapakiwa melini. Karatasi hiyo inataja jumla. Haisemi uzito umeegemea upande gani. Mwongozo wa upakiaji wa IMO, ILO na UNECE wa 2014 unashauri nusu moja ya urefu wa kontena isibebe zaidi ya kama asilimia 60 ya shehena. Dereva atalijuaje hilo, milango ikiwa imefungwa? Akivunja lakiri ana kesi na forodha, akiiacha ana kesi na mizani.

Simsafishi dereva. Anayesimama njiani kuongeza magunia ya mkaa juu ya turubai, au aliyelegeza minyororo mzigo ukateleza alipofunga breki, hilo ni lake. Na tajiri anayelipwa kwa tani, akamwambia kijana wake "jaza tu", asijifanye alikuwa safarini.

Australia, katika majimbo mengi, inatumia tangu 2014 sheria inayowafuata wote walio kwenye mnyororo: aliyetuma, aliyefungasha, aliyepakia, hata aliyepanga ratiba. Sisi tunaweza kuanza na mkataba bila kusubiri Bunge. Mzigo upimwe ekseli kwa ekseli kabla ya lakiri. Msimamizi wa upakiaji asaini mchoro unaoonyesha kila fungu liko umbali gani kutoka ukuta wa mbele. Mpangilio ukikataliwa na mizani wakati lakiri na minyororo viko kama alivyoviacha, alipe yeye tozo, foklifti na siku za kusubiri.

Kampuni moja haiwezi kulidai hili peke yake, maana ikikataa kupakia, lori la jirani liko getini. Vyama vyetu vikidai kwa pamoja, ghala linalopakia litasikiliza. Rasimu ya kipengele hicho mnayo mezani. Naomba tuanze na siku za kusubiri, kwani najua hapo ndipo mawakala wa forodha mlio hapa mtanipinga.