Kilimo cha Karela Bustanini



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya kilimo cha karela, kwa kuwa baadhi ya wanachama wameomba kukopeshwa fedha za chama wajenge nyumba za nailoni za kukuzia mmea huo. Fedha hizo ni akiba ya watu wengi, wajane wakiwamo, wala si jambo la kupitishwa kwa makofi.

Karela ni tunda chungu la jamii ya maboga na matango, lenye ngozi ya manundumanundu. Wenzetu wenye asili ya Kihindi hulipenda sana, na wakulima wa Kibwezi wamepata kulilima kwa soko la ng'ambo. Kupanda si kazi ngumu. Mbegu ina ganda gumu, hivyo yafaa ilowekwe majini usiku kucha, kisha ifukiwe sentimita 2 katika udongo wenye samadi iliyooza, usiotuamisha maji. Mmea hutambaa, upewe nguzo na kamba za kimo cha mita 2. Baada ya miezi miwili hivi huanza kuchumwa.

Penye neno ni kwenye maua. Shina moja hutoa maua dume na maua jike. La jike hutambulikana kwa kitunda kidogo kilicho nyuma yake. Ua hufunguka asubuhi na hudumu siku moja tu, na katika muda huo nyuki huchukua chavua ya dume akaipeleka kwa jike. Sasa, nyumba ya nailoni iliyozibwa kwa wavu humzuia nzi wa matunda, naye ni adui kweli kweli: hutoboa tunda changa akataga mayai ndani, na funza wakaliozesha. Lakini wavu umzuiao nzi humzuia na nyuki. Basi sharti mtu achume ua dume kila asubuhi, aondoe petali zake, na kuligusisha kwa ua jike, moja baada ya moja. Asipofanya hivyo atapata majani mazuri ya kutazamwa na wageni, asipate cha kuuza.

Kwa wengi wetu twaona bustani ya wazi yatosha, mashina manne au matano karibu na jiko. Ua jike likinyauka, kitunda kivikwe mfuko wa karatasi. Yaliyooza yasitupwe kwenye mboji, bali yafukiwe nusu mita au zaidi. Ikilazimu kunyunyiza dawa, iwe jioni, nyuki wakiisha kurudi. Tunda lichumwe likiwa bichi; likigeuka manjano hupasuka, nalo halina mnunuzi.

Wazee wametuuliza juu ya maradhi ya sukari. Naam, karela laweza kushusha sukari mwilini, na kwa sababu hiyo hiyo atumiaye vidonge asinywe maji yake pasipo daktari kujua, isije ikashuka kupita kiasi. Mama mjamzito asiyanywe kabisa. Wala maji hayo si badala ya dawa.

Maombi ya mikopo yatasomwa baada ya hotuba hii. Twaiomba Kamati imtake kila mwombaji aseme mbele ya mkutano ni nani nyumbani kwake atakayeishika kazi ya kila asubuhi, na asiye na mtu huyo ombi lake lingoje.