Pompi yetu: chokaa na ugonjwa si kitu kimoja

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bunia



Nimeombwa kueleza habari ya pompi. Angalieni hizi chupa mbili. Hii iko na maji ya mvua, hii ingine maji ya pompi. Natia kipande cha sabuni kilekile, natikisa. Munaona? Ya mvua imejaa povu. Ya pompi imetoa utando mweupe tu, kama maziwa yaliyoharibika. Basi mamaa wanaposema "maji ya pompi inakula sabuni", wanasema ukweli. Tena maharagi yanachelewa kuiva, makala inaisha, na sufuria inashika gamba ndani. Maji yamepita katika mawe, yakachukua chokaa na magnesiamu. Ardhi inatoa ilicho nacho: ng'ambo ya Ziwa Albert, pale Kibiro, wamama wanapata chumvi katika udongo wa chemchemi tangu wakati wa mababu.

Lakini hiyo chokaa haiue mutu. Hata OMS haikuweka kipimo cha mwisho cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya.

Kinachoua tunakijua. Wengi wetu hapa tulitoka Djugu, tukavuka ziwa kwa mitumbwi mwanzo wa 2018, tukafika Kyangwali, Uganda. Mwezi wa pili kipindupindu kikatukuta kule. Kuko watu katika chumba hiki waliozika. Wakati ule hakuna aliyeuliza kama maji yanatoa povu.

Sasa niseme kosa letu, maana wafadhili nao wanasoma. Sisi komite tulisikia kilio cha sabuni, tukakimbilia muuzaji mmoja (jina nalinyamaza) aliyetuambia mashine yake "inasafisha maji". Tukalipa. Mashine ile iko na resina: inashika chokaa, inaachilia natriamu. Kweli povu lilikuja, mamaa wakafurahi. Lakini resina ikishiba inaomba kuoshwa na maji ya chumvi, chumvi mingi, kila mara. Na vijidudu haivigusi kabisa! Sisi tulikuwa tumeacha kutia kloro, tukifikiri kazi imekwisha. Chumvi ilipokosa, povu likapotea, watu wakarudi kuchota katika kijito. Watoto wa nyumba tatu waliharisha. Walipona, Mungu asifiwe, lakini haikuwa kwa akili yetu.

Kwa hiyo tunaomba mukubali hivi. Maji ya kunywa yatoke pompi, na chokaa yake. Kloro itiwe palepale, bidoni inapojazwa, na mutu angoje dakika 30 mbele ya kunywa. Asitie kwa kukadiria. Kuko kidonge cha kupimia, kinageuza maji rangi ya waridi: tunatafuta kloro iliyobaki kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa litre. Tutapima na pH, sababu maji ya chokaa mara nyingine yanapita 8, na hapo kloro inalegea, inaomba muda zaidi.

Bidoni ndiyo shida kubwa. Lile gamba ndani ni nyumba ya uchafu. Litoeni na maji ya ndimu, muache usiku, kisha musuuze vizuri, vizuri sana, mbele ya kloro kuingia. Ndimu na kloro visikutane, vinatoa hewa inayochoma kifua.

Kwa kufua na kupika maharagi, tukinge mvua. Paa la ofisi ni la mabati, linahitaji mifereji tu. Mvua ya kwanza tuiache ipite, inaosha vumbi na mavi ya ndege. Najua, kiangazi cha Desemba mapipa yatakauka na mamaa watanilaumu tena. Sina jibu la kiangazi.

Kila nyumba ilete franka 500 kwa mwezi ya kloro na vidonge. Wafadhili wametusaidia na pompi. Kloro tuilipe wenyewe, ili isikatike siku msaada unapokatika.

Mashine iko nyuma ya ofisi. Tumejaribu kuirudisha, muuzaji hashike tena simu. Pipa lake la chumvi ni zima. Vijana wawili waje siku ya posho asubuhi, tulioshe, tuliweke chini ya mufereji.